Hadithi za Mashirika: Nani Mhusika, Nani Msomaji?

Ndugu msomaji, ukikaa kijiweni hapa Igamba ukawauliza vijana wamesoma maandishi gani ya Kiswahili wiki hii, usitegemee kutajiwa riwaya. Riwaya tulizisoma kidato cha tatu na cha nne, tukajibu mtihani, tukazirudisha maktaba na ugomvi ukaisha. Kinachosomwa kila siku ni kingine. Ni posti za kwenye simu, na katika hizo zimo nyingi za mashirika yasiyo ya kiserikali: shirika la maji, la lishe, la kahawa, la kuwarudisha wasichana shuleni. Kila moja lina ukurasa wake Facebook na Instagram, lina kundi la WhatsApp, na siku hizi limehamia na TikTok. Kila moja linasimulia.

Linaweka picha, kisa, mtu mwenye shida, mtu aliyemsaidia, ujumbe, na mwisho namba ya kuchangia au alama ya reli ya kusambaza. Jamani, hiyo ni fasihi! Fasihi fupi, ya haraka, yenye haja zake mfukoni, lakini fasihi. Ina msimulizi, ina wahusika, ina mandhari, ina lugha na ina msimamo. Ajabu yake ni kwamba hakuna anayeihakiki. Mshairi chipukizi akipunguza mizani moja tunamkaba koo. Hadithi iliyoonwa na maelfu ya watu tunaiachia ipite kwa sababu eti inasaidia jamii.

Mimi sikubali. Na nina sababu ya pili, ambayo inatuhusu sisi wenyewe tunaosoma jarida hili. Wengi wetu tutaajiriwa na mashirika haya kabla hatujapata mchapishaji. Kijana mwenye kalamu kidogo na simu yenye kamera ya maana siku hizi anaitwa "mtu wa maudhui". Anapewa bando, fulana na posho. Mshiko si mbaya, nani atakataa? Basi angalau tujue tunaandika nini, na tunamwandikia nani. Hebu tuichukue kazi hii tuipitishe kwenye fani na maudhui kama tulivyofundishwa.

MUUNDO NI MMOJA

Chukua hadithi kumi za mashirika, zipange kwenye meza. Utakuta muundo mmoja. Mwanzoni kuna "kabla": mama ameinamisha kichwa, mtoto ana kamasi, mandhari ni vumbi. Katikati linaingia shirika, lenye nembo. Mwisho kuna "baada": mama yule yule anacheka, ameshika ndoo, au cherehani, au mche. Mama hana jina, au ana jina moja tu. Hana mume, hana ndugu, hana mkosi wala ubishi. Kwa lugha ya darasani huyu ni mhusika bapa. Hakubadilika kwa nguvu zake, amebadilishwa.

Sasa linganisha na ngano zetu. Katika ngano mwenye shida ndiye anayesafiri. Njiani hukutana na bibi kizee anayempa dawa, au pete, au neno la siri. Bibi kizee ni muhimu, bila yeye safari haifiki. Lakini hadithi ikiisha, anayekaa kwenye kiti ni yule aliyesafiri. Bibi kizee amebaki msituni kwake na hakuna anayemwuliza. Hadithi ya shirika imepindua mambo: bibi kizee ndiye anayekaa kitini, na msafiri anasimama pembeni akishukuru mbele ya kamera.

Hili si jambo la fani tu. Anayepewa nafasi ya shujaa ndiye msomaji anayemwamini kuwa ana akili. Ukisoma hadithi mia za namna hii, bila mtu kukutamkia, unaanza kuamini kwamba Igamba, Itaka na Kamsamba hakuna mtu anayefikiri mpaka gari jeupe lifike.

DARASA LA LIRA

Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Machi 2012, shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children liliweka YouTube filamu ya dakika 30 iitwayo Kony 2012, kuhusu Joseph Kony na jeshi lake la LRA lililoteka watoto kaskazini mwa Uganda. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Hapakuwahi kutokea kitu kama kile.

Kwa ufundi wa kuuza ujumbe, filamu ile ni shule. Ilikuwa na dai moja tu: mfanyeni Kony ajulikane kila mahali ili akamatwe. Ilikuwa na muda: mpaka mwisho wa mwaka 2012. Ilitaja watu maarufu 20 na watunga sera 12 ambao mtazamaji alitakiwa kuwasumbua kwa ujumbe. Ilikuwa na kitu cha kununua, kifurushi cha bangili na mabango kwa dola 30. Ilikuwa na siku ya kutoka barabarani kubandika mabango, tarehe 20 Aprili. Wala haikuanguka kutoka mbinguni. Shirika lile lilikuwa limezunguka miaka mingi kwenye shule, vyuo na makanisa ya Marekani likionyesha filamu zake za awali. Siku ya kuiweka hii mtandaoni, vijana wa kuisukuma walikuwa wameshaandaliwa. Anayekwambia video "imesambaa yenyewe" anakupiga fiksi.

Lakini tuihakiki kama hadithi. Msimulizi ni Jason Russell, mwongozaji mwenyewe. Anayesimuliwa ni mtoto wake mdogo, Gavin, ambaye baba anamweleza kwamba yule ni mtu mbaya na hawa ndio wanaoteswa. Kuna kijana wa Uganda, Jacob, anayelia kwa ajili ya ndugu yake aliyeuawa. Machozi yake ni ya kweli na yanachoma. Ila kazi ya machozi yale ndani ya filamu ni kumpa msimulizi nafasi ya kutoa ahadi. Kuanzia hapo safari ni ya msimulizi. Mandhari nayo imepitwa na wakati: LRA walikuwa wameshatoka Uganda tangu 2006, na mwaka 2012 walikuwa kwenye misitu ya Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Filamu inalitaja hilo haraka haraka kisha inarudi kwenye hisia zake.

Tarehe 13 Machi 2012, shirika la vijana wa kaskazini mwa Uganda, AYINET, liliionyesha filamu hiyo Lira, kwenye uwanja wa wazi. Watu walikuja kwa maelfu, wengi wao wakiwa wamepoteza ndugu au viungo katika vita ile. Walitegemea kujiona. Walichokiona ni mzungu na mtoto wake. Walipofika kwenye fulana na bangili za kumfanya Kony awe maarufu, walikasirika hadi mawe yakarushwa. Maonyesho mengine yaliyopangwa yakasimamishwa.

Ndugu zangu waandishi, mimi naona uwanja wa Lira ulitoa uhakiki mkali kuliko profesa yeyote. Hadithi iliyotazamwa mara milioni 100 ilishindwa mbele ya watu elfu kadhaa, na hao elfu kadhaa ndio iliowahusu. Tangu nilipokisoma kisa hicho nimejiwekea kipimo changu, nakiita kipimo cha Lira: je, hadithi hii unaweza kuionyesha uwanjani, jioni, mbele ya watu unaowasema, ukabaki umesimama pale pale?

MKWAJU NA FATAKI

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu. Ziko kazi za mashirika zilizopita kipimo hicho, tena za hapa nyumbani.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati. Ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ungeweza kuwa mchosho mtupu wa kuhubiriwa, lakini waandishi wake walimtengeneza Mkwaju. Mkwaju ni dereva wa lori, ana mke anayeitwa Tunu, na ana wanawake wengine njiani. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa lori. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, na foleni ya malori mpakani ni sehemu ya maisha. Mkwaju alikuwa mtu tunayemjua. Alikuwa mcheshi, alikuwa na maneno, na uharibifu wake ulimjia taratibu, miezi na miezi, mpaka virusi vikampata. Tunu naye hakuokolewa na nembo. Alichoka, akaamua, akaanza biashara yake ndogo.

Njia ile ya kuandika ilitoka kwa Miguel Sabido, mtunzi wa tamthilia za televisheni wa Mexico katika miaka ya 1970. Anaweka mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati anamweka mtu anayeyumba. Huyo anayeyumba ndiye msomaji. Watafiti nao walikuwa makini: eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo hadi 1995 ili walinganishe, na waliona mabadiliko makubwa zaidi kule uliposikika. Kwa hiyo kumbe mhusika aliyeundwa vizuri si pambo. Anafanya kazi ambayo bango halifanyi.

Miaka ya 2008 na kuendelea likaja tangazo la redio la Fataki. Fedha zilikuwa za Wamarekani lakini sikio lilikuwa la Kiswahili. Mzee mwenye vijisenti anawarubuni mabinti wa shule, na kila mara mtu wa jirani anaingilia na mzee anaumbuka. Vichekesho vya sekunde chache! Fataki tulilijua kama baruti. Baada ya hapo likawa mtu. Likaingia magazetini, likaingia mitaani, na mpaka leo ukisema "yule ni fataki" hakuna anayekuuliza maana. Niambie ni mshairi gani wa kizazi chetu ameliongezea Kiswahili neno kwa kasi hiyo.

Sisemi Fataki hana kasoro. Binti katika visa vile huokolewa na mtu wa pembeni, yeye mwenyewe hasikiki sana. Na njaa inayomfanya akubali lifti na chipsi haiguswi ipasavyo. Uovu wote umebebeshwa mzee mmoja, wakati umaskini unakaa kimya nyuma yake. Lakini kisa kilisimuliwa kwa watu wale wale kinaowahusu, kwa lugha yao, nao wakacheka. Kicheko cha uwanjani ni cheti.

Niongeze na Femina Hip, lililoanza 1999 na jarida la shuleni, kisha 2003 likatoa Si Mchezo! kwa ajili ya vijana wa vijijini walio nje ya shule. Kiswahili chake kilikuwa cha watu. Kwa kijana wa kijijini, kumwona mwenzake wa shambani akiongea gazetini bila kusahihishwa kila neno lilikuwa jambo kubwa. Kampeni ya Ishi nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipotuambia tusione soo, ilionyesha kwamba lugha ya kijiweni inaweza kusimama kwenye bango la barabarani na dunia isipasuke.

Na kuna ujasiri wa aina nyingine. HakiElimu walipoonyesha hali ya shule zetu kama ilivyo, mwaka 2005 Wizara ya Elimu iliwapiga marufuku kuchunguza na kuchapisha habari za shule, na kufuli hilo halikufunguliwa mpaka 2007. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu atadhani maudhui ya shirika ni ya kufurahisha tu. Mengine yanamwudhi mwenye nguvu. Ukiona ukurasa wa shirika ambao kwa miaka mitano haujamwudhi mtu yeyote, jiulize unaandikwa kwa ajili ya nani.

SENTENSI AMBAYO HAIKUSEMWA

Sasa nije kwenye kata yetu. Miaka michache iliyopita shirika moja, jina lake nalihifadhi, liliniomba niandike habari za mama mmoja mkulima wa kahawa. Nilikaa naye siku mbili. Alinieleza jinsi chulebuni ilivyomaliza matunda ya mibuni yake ya zamani, jinsi alivyokwenda kuulizia miche inayohimili ugonjwa kule Mbimba, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, na jinsi shemeji yake alivyokasirika mibuni ya marehemu ilipong'olewa. Shirika lilimpa mafunzo ya siku tatu. Nilimwuliza yalikuwaje. Akasema, "Mafunzo mazuri, ila chai ilichelewa." Nikamwuliza kahawa yenyewe ikoje. Akafikiri, akasema, "Kahawa ni kama mtoto wa bweni. Unamhudumia mwaka mzima, unamwona mara moja."

Kwangu hapo kazi ilikuwa imekwisha. Sentensi ile ilikuwa na kila kitu. Niliandika kurasa mbili, nikapeleka.

Kilichotoka mtandaoni ni picha yake, na chini yake mistari minne. Shemeji hayumo. Mbimba haimo. Mtoto wa bweni hayumo. Kuna maneno yamewekwa ndani ya alama za kunukuu, kwamba kabla ya mradi hakuwa na matumaini na sasa amepata sauti. Na kuna maneno "shamba lake", wakati shauri la shamba lile kati yake na shemeji lilikuwa bado liko baraza la kata.

Nilikwenda kumwonyesha kwenye simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsomea. Alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, haya maneno nimeyasema lini?"

"Hukuyasema, mama."

"Na hii sauti waliyonipa, ile niliyokuwa nayo wameipeleka wapi?"

Mambo hayakuishia kwenye maneno. Shemeji aliiona ile posti kabla ya kikao cha baraza, akaja nayo kwenye simu kuonyesha kwamba mama ameshajitangazia umiliki. Wenzake wa kikoba nao wakaanza kumwuliza mbona bado anakopa, si amekwisha kupata wazungu? Mimi niliandika kwa shirika kuomba maelezo yabadilishwe. Nilijibiwa kwa upole sana kwamba posti ile "imefanya vizuri".

Hebu tulitazame neno hilo kwa jicho la mhakiki. Imefanya vizuri kwa nani? Kwa hesabu ya shirika, vizuri ni idadi ya walioitazama, waliobonyeza moyo na waliosambaza. Hesabu hiyo haina safu ya baraza la kata. Haina safu ya kikoba. Kwa hiyo hadithi inaweza kumharibia mtu jina kijijini na wakati huo huo ikahesabiwa ushindi mjini, na wote wawili wakawa hawajadanganya kwenye hesabu zao.

Kubuni sentensi na kuiweka mdomoni mwa mtu halisi si ufundi wa utunzi. Sisi waandishi tunabuni wahusika, ni haki yetu na ndiyo kazi. Mkwaju alibuniwa, Fataki alibuniwa, na hakuna aliyeibiwa. Lakini ukishamwekea mtu picha yake na jina la kijiji chake, umetoka kwenye riwaya. Hapo maneno ni mali yake. Na siku hizi hata sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zitumike kwa kusudi hilo. Alama ya dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza, iliyotiwa harakaharaka wakati gari linanguruma, sidhani kama ndiyo ridhaa.

UTETEZI WAO

Niwe mkweli, mashirika yana hoja. Lililo dogo lina watu watatu, simu moja na pikipiki. Anayeandika posti ndiye anayeandika ripoti ya fedha, na ndiye anayekwenda Mlowo kuchapisha. Hana muda wa kurasa mbili. Pili, mitandao yenyewe ina tabia yake. Uso unaolia au unaocheka husimamisha kidole cha mtazamaji, lakini maelezo ya chulebuni hupitwa. Mitambo ya kampuni hizo huwapelekea watu wengi zaidi kile kilichosimamisha vidole mwanzo. Tatu, mfadhili aliye mbali hajui Mbimba wala baraza la kata. Ukimwelezea yote anapotea.

Hoja ya kwanza naipokea. Lakini kuandika sentensi aliyoisema mtu hakuchukui muda mrefu kuliko kuibuni. Kunahitaji kusikiliza, basi. Hoja ya pili ni nusu ya ukweli. "Kahawa ni kama mtoto wa bweni" ingesimamisha vidole vingi tu, hasa vya wazazi waliolipa ada Januari. Tatizo si kwamba ukweli hauuziki. Tatizo ni kwamba ukweli wenye ladha unahitaji mwandishi, na maneno ya "matumaini" na "sauti" yanapatikana bure, yamekwisha kupikwa, yanasubiri picha yoyote. Ni ubwabwa wa hotelini: unashibisha, lakini huwezi kujua umepikwa wilaya gani.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, na ndiyo inayokufa mbele ya macho yetu.

MSOMAJI AMEBADILIKA

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likawa limefungwa. Miradi mingi iliyotegemea mfereji ule ilikauka. Sasa utasikia katika kila semina kwamba mashirika yachangishe nyumbani. Vema. Lakini watu wa fedha wanalizungumza jambo hili kama la fedha tu. Mimi nasema ni jambo la fasihi. Msomaji amebadilika! Hadithi iliyokuwa ikiandikwa kwa ajili ya mtu asiyeijua Igamba, kesho itasomwa na mwenye duka la Mlowo, dereva wa Tunduma, mwalimu aliyezaliwa hapa anayefundisha Dar es Salaam. Hawa huwezi kuwazuga. Wanamjua mama. Wanamjua na shemeji.

Na usiseme watu wetu hawachangi. Julai 2011, njaa ilipoipiga Turkana, Wakenya walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya, chini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na kampuni na vyombo vya habari. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya katika mwezi mmoja. Watu walituma kwa M-Pesa, hata kidogo kidogo, lengo likavukwa. Picha za Turkana zilikuwa za kutisha, sikatai. Lakini anayesema na anayesemwa walikuwa wa nchi moja. Ujumbe wake haukuwa "waokoe wale". Ulikuwa "hawa ni wenzetu, na tunaona aibu". Aibu ya ndugu ni hisia tofauti kabisa na huruma ya mgeni, na mwandishi mzuri anaijua tofauti hiyo.

Sisi wenyewe tunao utanzu wetu wa kuchangisha, ambao hakuna chuo kinachoufundisha: kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Cheka, lakini litazame. Kila jioni katibu anaweka orodha: fulani ameahidi, fulani amelipa, fulani amepunguza. Kisha matumizi: ukumbi, mchele, muziki. Mtu anatania, mtu anakumbushwa, mtu anasifiwa kwa jina lake kamili. Hakuna anayelia mbele ya kamera na hakuna "kabla na baada". Pesa inakuja! Inakuja kwa sababu kila mchangiaji ni mhusika ndani ya hadithi, na kila shilingi ina mwisho wake unaoonekana. Shirika la maji likiandika hivyo, kwamba bomba la kitongoji fulani limegharimu kiasi hiki, pampu imeharibika mara mbili, fundi amechelewa, sasa maji yanatoka asubuhi tu na hii ndiyo sababu, mimi nitatuma elfu tano yangu. Nitatuma kwa sababu limeniheshimu kama mwanakamati.

KWETU SISI WENYE KALAMU

Najua kuna mshikaji anasoma hapa huku ana mkataba wa miezi mitatu mfukoni, na anajiuliza: sasa mimi nikatae kazi? La hasha. Chukua kazi. Lipwa. Waandishi wa Twende na Wakati nao walilipwa. Lakini ingia na masharti ya ufundi wako, kama seremala anavyoingia na msumeno wake.

Nukuu iwe nukuu. Mtu asomewe habari yake kwa lugha anayoielewa kabla haijatoka, na akisema neno hili litaniletea soo nyumbani, neno liondoke. Aitwe kwa jina lake akitaka, na akikataa, afichwe kweli kweli, siyo jina limefutwa na sura imebaki. Msaidizi abaki mahali pa bibi kizee. Shida ielezwe na chanzo chake, maana ukitaja njaa bila kutaja bei ya kahawa umeandika nusu. Na mradi ukishindwa mahali, andika kwamba umeshindwa. Msomaji wa nyumbani ameshaliona lile bomba kavu, ukilisifia anakuweka kundi moja na wapiga ramli.

Wakikujibu kwamba hayo hayawezekani, waulize swali moja tu: posti hii tunaweza kuionyesha uwanja wa mpira, jioni, na mama mwenyewe amekaa mstari wa mbele? Wakisema ndiyo, andika. Wakianza kutazamana, unajua una kazi ya uhariri mbele yako.

Na wewe usiye na mkataba wowote, wewe msomaji tu, usidhani huna kazi. Hakiki. Ikipita hadithi ya shirika kwenye simu yako, usibonyeze moyo kwa sababu ya huruma peke yake. Uliza msimulizi ni nani. Uliza kwa nini mtoto ana sura lakini hana jina la ukoo. Andika pale chini, kwa Kiswahili na kwa heshima, kwamba sentensi hii haisemwi hivi kwetu. Jarida hili lina nafasi, mhariri hachagui majina makubwa. Chukua posti moja ya wiki hii, ichambue wahusika wake, mandhari yake, lugha yake, halafu ulete tuisome.